Maradhi ya Mishipa ya Jicho na Subira ya Miaka

Katika neema ambazo mja huzitumia kila siku bila ya kuzihesabu, neema ya macho ni miongoni mwa zilizo kubwa. Sisi tuliojaaliwa kuwasomesha watoto Kurani twaijua neema hii kwa namna yetu. Mwalimu hulitambua kosa la mwanafunzi kabla ya kulisikia, kwani jicho lake limekwisha kutangulia kwenye herufi.

Mwezi huu twataka kuwaeleza wasomaji wetu wapenzi habari ya maradhi ambayo huingia ndani ya jicho bila ya kishindo. Aghalabu hayaumi, wala hayatoi usaha, wala jirani amtazamaye mgonjwa usoni haoni dalili yoyote. Nayo ni maradhi ya kuvimba kwa mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho. Twaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wa watu wa kwetu, Ngara na Biharamulo, hawajapata kuyasikia. Ya pili, sisi wenyewe tulikuwa na sehemu yetu katika hasara iliyompata kijana mmoja kwa maradhi haya, na hatupendi mzazi au mwalimu mwingine arudie kosa letu.

Jicho lilivyo kwa ndani

Jicho ni mfano wa chumba chenye dirisha moja. Dirisha ni mboni. Ukuta wa nyuma wa chumba hicho umetandikwa utando mwembamba uitwao retina, nao ndio unaopokea nuru na kuipeleka habari yake kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Katikati ya utando huo kuna mahali padogo, kadiri ya punje ya mtama, na hapo ndipo tunaposomea, tunapotungia uzi katika sindano na tunapotambua sura za watu. Sehemu iliyobaki hutuonyesha yaliyo pembeni. Kati ya dirisha na ukuta kumejaa ute mzito, safi, mfano wa ute mweupe wa yai.

Utando huo hauwezi kukaa bila ya chakula, na chakula chake huletwa na mishipa midogo ya damu iliyotawanyika juu yake kama mifereji iliyotawanyika shambani. Mtu wa shamba atafahamu upesi. Mfereji ukipasuka, maji humwagika mahali pasipotakiwa na mimea huoza. Mfereji ukiziba, mimea iliyo mbele yake hunyauka. Basi ndivyo ilivyo kwa mishipa hiyo inapovimba: mingine huvuja, na ule utando wa kusomea ukajaa maji na kututumka, mingine huziba, na sehemu ya retina ikafa kwa njaa.

Wala mambo hayaishii hapo. Sehemu yenye njaa hulilia damu, na mwili huichipushia mishipa mipya. Lakini mishipa hiyo ni dhaifu mno, hupasuka kwa urahisi, na damu yake humwagika katika ule ute uliokuwa safi. Hapo ndipo mgonjwa anapoona wingu jekundu au jeusi limetanda mbele yake. Baadaye huota makovu, na makovu huivuta retina mpaka ikabanduka ukutani.

Hapo zamani wanavyuoni wa Kiislamu walijishughulisha sana na elimu ya macho. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufia Misri katika karne ya 11, alieleza jinsi nuru inavyotoka katika vitu na kuingia jichoni. Ali bin Isa wa Baghdad aliandika kitabu cha matabibu wa macho kilichotumiwa kwa karne nyingi. Lakini wote hao hawakuwa na njia ya kuiona retina ya mtu aliye hai. Njia hiyo ilipatikana mwaka 1851, pale Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipotangaza chombo chake cha kumulika na kuchungulia ndani ya jicho. Tangu hapo ndipo madaktari walipoanza kuiona mishipa yenyewe. Mwaka 1880 Henry Eales wa Birmingham, Uingereza, akaandika habari za vijana wanaume waliokuwa wakivuja damu ndani ya macho mara kwa mara. Maradhi ya namna hiyo yaitwa kwa jina lake hata leo.

Habari ya kijana wetu

Kijana tunayemtaja ni mwenyeji wa wilaya ya Biharamulo. Alikuja kwetu Ngara kusoma, na alipohitimu akawa msaidizi wetu wa kusomesha watoto wadogo. Mwishoni mwa mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 22, alituambia, "Maalim, naona kama utando wa buibui unaogelea juu ya ukurasa." Tukamjibu, "Umechoka, mwanangu. Punguza kusoma usiku." Akanyamaza kwa adabu. Jirani mmoja mwenye huruma akamletea maji ya majani ya kutia jichoni, nasi hatukumkataza. Zahanati moja ikampa dawa ya matone, akarudi kazini.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja alikuja akiwa ameshika ukuta, akasema kwamba jicho lake la kushoto limeingia wingu jekundu. Hapo tukaamka. Tukapanda basi pamoja naye, tukapita Nyakahura na Lusahunga hadi Biharamulo, tukamchukua baba yake, tukaendelea Geita mpaka Busisi. Siku hizo ziwa lilivukwa kwa pantoni, nasi tulingoja hata jua likazama.

Katika hospitali ya rufaa huko Mwanza daktari alimtia dawa ya kuipanua mboni, akachungulia kwa muda mrefu, macho yote mawili. Kisha akatueleza kwamba mishipa ya nyuma ya jicho la kushoto imevimba, na mingine imevaa ala nyeupe, kama mkono ulio ndani ya kanzu. Jicho la kulia nalo lilikuwa na alama chache, ingawa kijana mwenyewe hakuwa ameona dosari yoyote upande huo. Akapimwa damu, akapigwa picha ya kifua, akachomwa sindano ya ngozi ya kupima kifua kikuu. Kijana alikuwa hakohoi. Hata hivyo madaktari, baada ya kuyaondoa maradhi mengine, walikata shauri kwamba chanzo ni kifua kikuu. Wakampa dawa za kifua kikuu za miezi mingi, pamoja na prednisoloni ya kutuliza uvimbe, wakamwonya asiache dawa hata siku moja bila ya kuwauliza.

Baada ya majuma machache wingu lilipungua. Akarudi kusomesha, nasi tukamshukuru Mola. Mwisho wa Mei mwaka 2017 ukaingia mwezi wa Ramadhani. Kijana akafunga. Hakutuuliza juu ya dawa zake, nasi hatukumwuliza. Tulimwona akifunga na kusalisha watoto, tukamsifu mbele ya wenzake. Kumbe dawa zote alikuwa ameziweka juu ya kabati tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alikuwa akiona vizuri na hakutaka kuikosa funga.

Baada ya Idi jicho la kushoto likawa giza tupu. Damu ilikuwa imemwagika ndani yake upya na kwa wingi, na baadaye makovu yakaibandua retina. Upasuaji ulijaribiwa, lakini kwa kuchelewa. Leo jicho hilo latambua mkono unaopungwa mbele yake, basi. Na jicho la kulia, lililokuwa na alama chache tu, nalo lilikuwa limeanza kuvimba.

Tulipokiri mbele ya daktari jinsi mambo yalivyokuwa, hakutukaripia. Alisema tu kwamba angaliulizwa, angaliweza kuzipanga saa za dawa, au angalimshauri ale kwa udhuru wa ugonjwa na kulipa baadaye. Maneno hayo yalituuma kuliko karipio. Sisi ndio tunaowasomesha watu kwamba mgonjwa ana ruhusa, na ruhusa hiyo hatukumkumbusha aliyekuwa akila nasi sahani moja.

Chanzo ni vingi

Ni kosa kudhani kwamba maradhi haya yana chanzo kimoja. Katika nchi yetu kifua kikuu lazima kikumbukwe, kwani Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani huzihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kaswende nayo huweza kuivimbisha mishipa ya jicho, na mwenye kugunduliwa mapema hutibiwa kwa sindano za penisilini. Wako wadudu wa toksoplazma, na viko virusi vya jamii ya tutuko. Mtu ambaye kinga yake imeshuka sana kwa Virusi vya Ukimwi huweza kushambuliwa na virusi vingine vinavyoila retina. Upofu wa namna hiyo umepungua mno tangu dawa za kufubaza virusi zipatikane, lakini humpata bado yule anayechelewa kupima au anayeacha dawa.

Tena yako maradhi ambayo mwili hujipiga vita wenyewe. Mojawapo huitwa kwa jina la Hulusi Behçet, tabibu wa Kituruki, aliyeyaeleza mwaka 1937. Mgonjwa huota vidonda vya kinywa na vya sehemu za siri, na macho yake huvimba mara kwa mara. Haya huonekana zaidi kuanzia Uturuki mpaka Japani kuliko kwetu. Twayataja kwa sababu yamewafundisha madaktari jambo kubwa. Zamani wengi wa wagonjwa hao walipofuka katika miaka michache tangu macho yaanze kuugua. Siku hizi, kwa dawa za kuituliza kinga ya mwili zinazotumiwa mapema na kwa muda mrefu, wengi wanabaki na nuru yao.

Wasomaji wasichanganye maradhi haya na jicho la kisukari au la selimundu. Hayo pia huiharibu mishipa ya retina na kuleta damu ndani ya jicho, lakini asili yake si uvimbe, na matibabu yake ni mengine. Ndiyo maana hakuna awezaye kuyatambua kwa kukisia. Lazima nyuma ya jicho pachunguliwe.

Mwisho wake huwaje

Swali ambalo kila mgonjwa humwuliza daktari ni hili: "Je, nitapofuka?" Jibu la haki ni kwamba wengi hawapofuki, lakini yategemea mambo kadha wa kadha ambayo madaktari wameyaona kwa kuwafuatilia wagonjwa miaka mingi.

La kwanza ni hali ya mishipa yenyewe. Mishipa iliyovimba na kuvuja tu huwa na matumaini zaidi kuliko iliyoziba. Sehemu ya retina iliyokufa kwa kukosa damu haifufuki kwa dawa yoyote tunayoijua. Ikiwa ni ya pembeni, mtu aweza kuendelea kusoma. Ikiwa ni ya katikati, kusoma ndiko kunakopotea.

La pili ni chanzo chake. Kilicho na dawa ya kukiua, kama kifua kikuu na kaswende, yapasa kiuawe kwanza au pamoja na kuutuliza uvimbe. Kumpa mtu prednisoloni peke yake ilhali ana kifua kikuu ni kuwafungulia wadudu mlango.

La tatu ni kurudia rudia. Maradhi haya yana tabia ya kulala na kuamka. Kila yanapoamka huacha kovu jipya, na jicho hudhoofika kidogo kidogo. Kwa hiyo kuona vizuri leo si ushahidi kwamba maradhi yamekwisha. Hapa ndipo kijana wetu alipoanguka, nasi pamoja naye.

La nne ni jicho la pili. Mara nyingi macho yote mawili huguswa, ingawa si kwa wakati mmoja wala kwa kiasi kimoja. Mwenye kuhuzunikia jicho lililopotea akasahau kulilinda lililobaki, huongeza msiba juu ya msiba.

La tano ni madhara ya dawa zenyewe. Prednisoloni ikitumiwa muda mrefu huleta mtoto wa jicho, hupandisha presha ya jicho, sukari na presha ya damu, na kudhoofisha mifupa. Ikiachwa ghafula mwili huweza kuzimia, kwani umezoea kuitegemea. Hupunguzwa hatua kwa hatua. Ethambutoli, ambayo ni katika dawa za kifua kikuu, huwadhuru wachache mshipa wa fahamu wa jicho, na dalili yake yaweza kuwa kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Aonaye hivyo amwendee daktari upesi.

Jambo hili si geni katika pande za ziwa letu. Robert Koch, yule yule aliyetangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alikuja Ziwa Viktoria mwaka 1906 kuwatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Uganda, kwa dawa ya atoksili. Dozi ilipoongezwa, baadhi yao walipofuka moja kwa moja. Hatusemi hayo ili watu waogope dawa. Twasema ili wajue kwamba mwenye kutumia dawa nzito hana budi kurudi kwa daktari kila anapoitwa, hata akijiona mzima.

Miaka iliyofuata

Kijana wetu alizianza upya dawa za kifua kikuu, na safari hii tulizihesabu pamoja naye kila siku baada ya sala ya alfajiri. Mwaka 2018 alipigwa mwali wa leza katika jicho la kulia. Kazi ya mwali huo ni kuzichoma zile sehemu za retina zenye njaa, ili zisiendelee kuchipusha mishipa dhaifu. Haukumwongezea nuru, ulimlindia aliyokuwa nayo. Prednisoloni ikapunguzwa polepole, akapewa dawa nyingine ya kuituliza kinga ya mwili. Mwaka 2020 uvimbe ukaamka tena, lakini uligunduliwa kliniki kabla yeye mwenyewe hajaona dosari, ukazimwa. Mwaka 2021 akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho aliyeletwa na dawa.

Safari hizo hazikuwa rahisi. Baba yake aliuza ng'ombe mmoja, kisha wa pili. Wazazi wa watoto wetu walichanga, wengine fedha, wengine mkungu wa ndizi au debe la maharagwe tukauza. Wapo waliosema, "Mbona anaona? Aenda kufanya nini tena Mwanza?" Ikatulazimu kuwaeleza kwamba tunachangia ili aendelee kuona.

Mwezi wa Juni mwaka 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa. Tulipovuka pamoja naye mara ya kwanza, hatukungoja pantoni tena. Njia nzima alikuwa akisoma kila kibao kwa sauti, kwa jicho lake moja, kama mtoto aliyeanza kusoma juzi. Abiria waligeuka kumtazama. Sisi hatukumnyamazisha.

Yatupasayo majumbani

Basi yafaa kila nyumba iyashike haya machache. Jipime nyumbani kwa kuziba jicho moja kisha la pili, ukitazama ukurasa au kizingiti cha mlango. Wengi hawajui kwamba jicho moja limeharibika kwa sababu mwenziwe humfichia aibu. Mtu akiona vinyuzi vyeusi vilivyozuka kwa ghafula, wingu, vimuli vya nuru, mistari iliyonyoka ikipinda, au pazia likishuka upande mmoja, asingoje juma lipite. Aende hospitali ya wilaya na kuomba apelekwe panapoweza kuchunguliwa nyuma ya jicho. Hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi, na Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam zina idara za macho.

Tusitie jichoni maji ya majani, wala asali, wala kitu chochote tusichopewa na tabibu. Tusiharakie kusema ni jini au ni hasidi. Dua ni haki ya mgonjwa, nasi twamwombea, lakini dua haimzuii mtu kupanda basi.

Na kabla ya Ramadhani, walimu na maimamu tuwaulize wagonjwa wetu, mmoja mmoja na kwa siri: "Je, una dawa unazotumia? Umemwuliza daktari wako?" Swali hilo moja, lililo jepesi ulimini, lingaliweza kuliokoa jicho la kijana wetu.

Mwisho, ambaye nuru yake imekwisha kupotea asitupwe nje ya elimu. Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu, naye aliadhini Madina, na Mtume (s.a.w.) alimwachia uangalizi wa mji huo alipokuwa safarini. Mtoto asiyeona ana masikio na ana moyo wa kuhifadhi. Mahali pake darasani ni pale pale.

Kijana wetu bado yu pamoja nasi. Kila asubuhi hukaa upande wa kushoto wa darasa, ili watoto wote wawe upande wa jicho lake linaloona. Tarehe yake ya kurudi kliniki tumeiandika kwa chaki juu ya ubao wetu, mahali ambapo hatufuti. Mwenyezi Mungu atulindie nuru ya macho yetu, awaponye walio wagonjwa, na atusamehe tuliyoyapuuza. Amin.